Paka wa Murugi na Ua la Krismasi

Asubuhi ile Murugi aliamka kabla ya mumewe, kama siku zote, akaenda moja kwa moja dirishani kulivua ua lake ndoo.

Ilikuwa ndoo nyeusi, ya kukamulia zamani, iliyotoboka akaiziba kwa lami. Kila jioni tangu Oktoba ililifunika lile ua, na kila asubuhi aliitoa na kuiweka chini taratibu, kama anayemfunua mtoto blanketi.

“Limeanza,” akasema. “Baba Nyawira, njoo uone. Limeanza kuwa jekundu huku juu.”

Gathogo alikuwa ameketi kitandani akitafuta soksi ya pili. “Niliona la mwaka jana,” akajibu.

“La mwaka jana ni la mwaka jana.”

Paka alikuwa ameshaingia katikati ya miguu yake. Murugi akamwambia atoke njiani, asije akamwangusha akavunjika kiuno, halafu nani atampikia mzee uji. Wakanywa uji. Gathogo akasema uji ni mwepesi. Murugi akasema unga ni ule ule, ni yeye mzee aliyekuwa mzito. Akachukua jembe, akaenda kuchimba viazi vya mchana.

Ni hayo tu. Gathogo amerudia asubuhi hiyo kichwani mara nyingi, akitafuta mahali ambapo angejua. Hapaoni. Lau angejua, angeamka akaangalia ua. Lakini nani aliyemwambia?

Jirani yao Watiri ndiye aliyempata Murugi, amelala kati ya matuta kama mtu aliyechoka, jembe likiwa chini yake. Wakamkimbiza hospitali. Madaktari wakasema mshipa umepasuka kichwani. Hakurudi Endarasha ila kwa sanduku.

Murugi hakuwa mtu wa kusikika. Kanisani alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, kwa sababu ya kifua. Sokoni aliuza viazi, na mnunuzi akianza kubishana, yeye alinyamaza tu, akimwangalia kwa upole, hadi mnunuzi mwenyewe aone haya na kufungua mfuko. Alizaliwa Othaya, kwenye milima ya majani chai. Huko ua kama lile halifugwi ndani ya nyumba. Huko ni mti. Linamea penye ukuta, linapita paa, na Desemba ikifika linawaka jekundu hata mtu akiwa ng'ambo ya bonde analiona. Alipoolewa Endarasha alikuja na kijiti chake kimefungwa gunia bichi. Akakipanda nje. Baridi ya Endarasha haibishi hodi. Barafu ya asubuhi ikakiunguza. Akarudi kwao akaleta kingine. Nacho kikaungua. Cha tatu akakipanda ndani ya debe, akaliweka debe dirishani.

Wakwe zake walicheka. “Mti ndani ya nyumba! Kesho ataingiza mgomba.”

Akanyamaza, kama sokoni. Krismasi ikaja, na wale wale waliocheka wakaomba vijiti.

Miaka mingi baadaye ikaletwa mulika mwizi, ile taa ndefu ya pale senta. Mwanga wake uliingia dirishani usiku kucha. Krismasi hiyo ua halikubadilika. Lilikaa kijani tupu kama kabeji. Murugi hakumlalamikia mtu. Alikaa tu akiliangalia. Mwaka uliofuata, Oktoba, akaanza kulifunika kwa ndoo jua likizama.

“Unalikinga baridi?” Gathogo alimwuliza.

“Nalikinga taa. Linataka kulala. Hata wewe nikikuwashia taa usoni kila siku, utakuwa mrembo?”

Gathogo hakuelewa taa na wekundu vinahusiana vipi. Hadi leo haelewi vizuri. Lakini Krismasi hiyo lilikuwa jekundu.

Paka alikuja baadaye, mdogo kama ngumi, ndani ya gunia la mbegu za viazi. Gathogo alisema paka ni wa panya, alale ghalani. Murugi alimwita Kabuti kwa sababu alimlalia miguuni, na akasema hajawahi kupewa kabuti nyingine yenye joto hivyo, akimtazama mumewe kando. Lile debe la ua akalipandisha juu ya stuli ndefu, paka asilifikie, maana jani lake likivunjika lilitoa maziwa, na maziwa hayo yalimwasha vidole. Akinawa kwa sabuni, kwisha.

Basi hao ndio waliobaki nyumbani baada ya mazishi: mzee, ua, na paka ambaye mzee alikuwa akimwita “paka yako.”

Watu walikuja wengi. Nyawira, binti yao wa pekee, anafanya kazi ya ofisi mjini Nyeri na anakaa Gatitu. Wenzake wa kazi walikuja na mashada, na juu ya mashada wakaleta maua ambayo Gathogo hakuwahi kuyaona karibu. Meupe, makubwa, yamefunua mdomo kama tarumbeta, na ndani yake vijiti vyenye vumbi la rangi ya kutu. Mengi yaliwekwa kaburini. Fungu moja Nyawira alilirudisha nyumbani, akalitia katika jagi la maziwa lenye maji, akaliweka mezani kando ya picha ya mamake.

“Mama alipenda maua, Baba.”

Gathogo aliwaza kwamba Mama alipenda maua yenye mizizi. Mtu aliyefiwa huambiwa akae wapi, akakaa. Huambiwa ale nini, akala. Hata kama wangemwambia meza ni mlango, siku hizo angejaribu kupita.

Nyumba ikabaki kimya. Jioni alilifunika ua kwa ndoo kwa sababu mkono wake haukuwa na kazi nyingine. Kabuti alizunguka chumba hadi chumba akilia, akanusa viatu vya Murugi, kisha akapanda mezani, akajikunja kando ya picha, chini ya yale maua meupe. Akatia kichwa ndani ya jagi akanywa maji. Gathogo alimwona. Akawaza, heri mmoja wetu anakunywa.

Asubuhi moja paka hakuja kwenye maziwa. Gathogo alimkuta nyuma ya pipa la unga. Ametapika povu, mate yanamtoka, macho yako wazi lakini hayaangalii kitu. Alipomgusa, hakumkwaruza. Hapo ndipo mzee alipoogopa.

Wambugu, rika lake na jirani yake, alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma.

“Ni hilo,” akasema, akionyesha ua kwa kidevu. “Mti wa maziwa, rika. Wewe hujui kariaria pale mpakani kwangu? Tone moja kwa jicho ya ng'ombe, jicho imeenda.”

“Hili si kariaria.”

“Maziwa ni maziwa.”

Gathogo akampigia Nyawira simu. Alitaka kusikia neno lolote kutoka kwake. Akasikia mengi.

“Ati amekula hiyo maua? Baba, ngoja. Ngoja nisome hapa.” Akarudi upesi. “Hiyo inaitwa poinsetia. Ni sumu, Baba! Inaua paka, inaua mbwa, hata mtoto! Kuna mtu ameandika hapa. Tupa leo.”

“Mama yako aliishi nayo.”

“Baba, usibishane na mimi, tafadhali. Tupa. Jumamosi nikija nisiikute.”

Gathogo akashusha debe kutoka kwenye stuli, akalitoa nje, akachukua panga. Wambugu akarudi nyuma ili maziwa yasimrukie. Jua lilikuwa limetoka, na lile ua lilikuwa limekolea kwa juu, wekundu wa damu mbichi. Mzee akainama. Akaangalia jani moja moja, la kijani na jekundu, kama anayetafuta kupe kwenye sikio la ndama. Hakuona hata moja lililochanika.

“Wanasema alikula. Alikula wapi?”

“Pengine alilamba.”

“Amelamba leo? Miaka yote hakulamba?”

“Sasa mimi niko ndani ya paka?” Wambugu akasema. “Wewe kata, tumalize.”

Panga lilikuwa zito mkononi. Kama ua ndilo linaloua, basi amekuwa akilifunika na kulifunua kila siku ili limuue paka wa Murugi, kiumbe wa mwisho aliyelala miguuni pake. Na kama si ua, basi anakata kitu alichokipanda Murugi, na paka atakufa vilevile. Alitafuta mtu wa kumwuliza. Aliyekuwa akiulizwa mambo kama haya ndiye hayupo.

Akaweka panga chini. Akaingia ndani, akachukua kiondo cha mkewe, akamtia paka ndani yake na kumfunika kwa leso.

“Unaenda wapi?”

“Kwa daktari.”

“Na paka? Watu watakucheka!”

“Wacheke.”

Na kweli walicheka. Duka la dawa za mifugo pale senta lilikuwa na foleni ya watu waliokuja kwa dawa ya minyoo, dawa ya kupe, chakula cha vifaranga. Gatimu, mwuza maziwa, alichungulia ndani ya kiondo, akapiga mluzi.

“Mzee, huyo anatoa lita ngapi?”

Foleni yote ikaangua kicheko. Gathogo akangoja kiishe.

“Huyu ni wa Mama Nyawira,” akasema.

Gatimu akavua kofia. Akasogea kando, na waliokuwa mbele yake nao wakasogea, hadi mzee akajikuta mbele ya kaunta bila kuomba.

Daktari aliitwa Mercyline, mwanamke wa kutoka upande wa Kisii aliyekuja Endarasha kutibu ng'ombe, ambaye huvaa sweta mbili hata mchana. Akamlaza paka mezani, akamminya ngozi ya shingo, akamfungua mdomo.

“Amekula nini, mzee?”

“Ua la Krismasi. Lile jekundu. Rika yangu anasema hivyo. Msichana wangu anasema hivyo. Simu pia inasema hivyo.”

“Na wewe unasema nini?”

Gathogo alimwangalia. Tangu mazishi hakuna aliyemwuliza swali hilo.

“Mimi sijui, daktari. Majani yote yako.”

Mercyline alikuwa ameinama juu ya kichwa cha paka. Alichukua pamba, akapangusa masharubu na kipaji cha uso. Pamba ikatoka na rangi ya kutu.

“Hii ni nini?”

“Vumbi. Sijafagia nyumba.”

“Vumbi ya nyumba haina hii rangi. Kuna kitu kipya kimeingia nyumbani?”

“Hakuna kilichoingia,” Gathogo akasema. “Kuna aliyetoka.”

Daktari akauliza polepole, “Pole, mzee. Waliokuja kukupa pole, walileta nini?”

“Sukari. Unga. Maua.”

“Maua gani?”

“Meupe. Makubwa. Yako kwa jagi.”

“Na paka alienda hapo?”

“Analala hapo. Anakunywa maji yake.”

Mercyline akaiweka pamba chini. “Hayo ndiyo. Yanaitwa lili. Kwa mtu ni maua tu. Lakini kwa paka, jani lake, vumbi lake, hata maji yaliyokaa nayo, inaharibu figo.”

“Yale meupe?”

“Hayo meupe.”

“Na jekundu?”

“Jekundu iko na maziwa ya kuwasha. Paka akitafuna, mate inamtoka, pengine anatapika, halafu anapona. Wewe liweke juu tu. Lakini si hilo limemfanya hivi.”

Gathogo akaketi juu ya gunia la chakula cha vifaranga. Jekundu lenye maziwa, ambalo kila mtu analiogopa, halina neno kubwa. Jeupe la kanisa, lililoletwa kwa machozi na kuwekwa kando ya picha, ndilo. Alijaribu kulipanga jambo hilo kichwani, likakataa kukaa.

Mercyline alisema yeye ni mtu wa ng'ombe, asimdanganye mzee. Akampigia mwenzake wa Nyeri aliyezoea paka, akasikiliza, akaitikia. Akanyoa manyoya mguuni, akatafuta mshipa kwa sindano ndogo kuliko zote alizokuwa nazo, akafungulia maji ya dripu yaingie tone kwa tone.

“Umemleta mapema, hiyo ni nzuri. Lakini siahidi. Tunangoja mkojo.”

“Mkojo?”

“Akikojoa vizuri, figo inafanya kazi. Asipokojoa...”

Paka akaachwa pale. Gathogo alipofika nyumbani aliyachukua maua meupe pamoja na maji yake, akayatupa ndani ya shimo la choo ambako hakuna mnyama angeyafikia. Akaifuta meza. Akaifuta picha. Akaenda kaburini, akaanza kuyaokota na yale yaliyokuwa huko. Watiri, aliyekuwa akipita na kuni, akasimama akashangaa: mume gani huyu anayemnyang'anya mkewe maua? Gathogo hakumwona.

“Mama Nyawira,” alisema, akiwa amepiga goti kwenye udongo, “nayatoa haya. Si dharau. Ni paka yako.”

Kisha akalirudisha debe ndani. Stuli ilikuwa imevunjika mguu alipoigonga mlangoni kwa haraka zake, basi akaliweka mezani, penye nafasi ya jagi.

Kila siku alikwenda dukani kuangalia. Wateja walijua. Hata Gatimu, akipita na mitungi yake, alipaza sauti kutoka barabarani, “Daktari! Mgonjwa amekojoa?” Na sasa hakuna aliyecheka. Mercyline alionyesha kitambaa alichomtandikia paka: kikavu, au kina tone. Bado, mzee. Tungoje.

Jumamosi Nyawira akafika kutoka Gatitu, ameleta gunia la kutupia ua. Akaingia, akaona picha ya mamake, na kando ya picha si maua aliyoyaleta bali ile poinsetia, nyekundu, imejaa meza.

“Baba! Umetupa maua ya Mama?”

“Nimetupa.”

“Ukaweka hii? Nilikuambia nini? Nilikuambia ni sumu!”

“Si hii.”

“Si hii nini?”

Gathogo akatafuta pa kuanzia. Mambo yalikuwa mengi na maneno yake ni machache. “Twende kwa daktari,” akasema.

Njiani Nyawira aliongea peke yake. Alisema huzuni inamchanganya Baba, kwamba afadhali ahamie Gatitu, kwamba paka anaweza kupatikana mwingine hata kwa jirani. Gathogo alitembea mbele, kiondo tupu mkononi.

Mercyline alimweleza Nyawira yote tena: la jekundu na la jeupe, vumbi, maji, figo. Hakujua ni nani aliyeleta lili, kwa hiyo alieleza waziwazi, bila kupunguza neno. Nyawira alisimama akisikiliza, na uso wake ukabadilika taratibu, kama anayesomewa barua ya kufutwa kazi.

Hapo ndipo Kabuti alipojikokota kutoka pembeni mwa kreti alimolazwa, akachuchumaa katikati ya kitambaa, akawakazia macho wote, akakojoa. Alikojoa kwa muda mrefu.

“Amekojoa!” Mercyline akapiga makofi. “Mzee, angalia! Angalia hiyo ziwa!”

Nje, mtu akarudia, “Amekojoa!” na sauti ya Gatimu ikaitikia kutoka mbali, “Asifiwe!” Watu wakaingia kuangalia. Gathogo aliinama juu ya kreti. Paka akanusa kidole chake, kisha akakilamba, ulimi mkavu kama msasa. Mzee akataka kumwita jina, na jina likakwama, maana hakuwahi kulitumia.

Alipogeuka, Nyawira alikuwa ameketi juu ya gunia la chakula cha vifaranga, uso ndani ya mikono.

“Amepona,” Gathogo akamwambia. “Daktari anasema ataenda nyumbani. Atapewa dawa.”

“Ni mimi nililetea Mama hayo maua,” Nyawira akasema. “Nilichagua mimi mwenyewe, Baba. Nilichagua yale mazuri zaidi. Halafu nikakuambia utupe yake. Ningemuua paka wa Mama, na ningetupa ua la Mama, kwa siku moja.”

Gathogo akasimama mbele yake. Hajui kufariji. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya mwingine. Akamwangalia binti yake akilia, akaangalia gunia alilokalia, lenye picha ya kuku na vifaranga wake, akaanza kusema bila kujua anakwenda wapi.

“Krismasi moja ulikuwa mdogo. Mama yako alikuogesha ili twende kanisani. Ukaona vifaranga wako na matope. Ukajaza karai maji baridi, ukawaogesha wote, na sabuni. Ukawapanga kwa nyasi wakauke.”

“Mimi?”

“Wewe. Asubuhi ya Endarasha. Wakafa wote.”

Nyawira akainua uso. “Sikumbuki.”

“Nyanya yako alikata fimbo. Alisema lazima uchapwe, umeua kuku wa nyumba. Mama yako akasimama katikati.”

“Alisema nini?”

Gathogo akafikiri kidogo, ili asiongeze neno wala asipunguze.

“Alisema: ‘Huyu hakuua vifaranga, mama. Aliwaogesha. Mtu akiogesha mtoto na maji baridi, humchapi; unamwonyesha moto iko wapi.’”